Battlestar Galactica: maroboti, kura za wizi na bibi yetu wa Tanzania

Kila nikimwambia mtu aangalie sai-fai majibu ni yaleyale, aah hizo za watoto, watu wamevaa nguo za kubana wanapigana na mijusi huko angani, mi napenda kitu chenye maisha. Haya. Hii ninayoiandikia leo haina mijusi, haina hata kiumbe mmoja wa sayari nyingine, humu ndani kuna binadamu na mashine walizozitengeneza wenyewe basi. Na ukiniuliza ni tamthilia gani ya kwenye TV imenifanya niwaze mambo ya uongozi, ya vita, ya kusameheana, na hata swali la mtu ni nani hasa, nitakutajia hii kabla ya zile za mahakamani na mahospitalini ambazo ndo watu wanaziita za maana.

Ni Battlestar Galactica, ile iliyoanza 2003 ikaisha 2009. Ipo nyingine ya kizamani ya 1978, hiyo ndo ina nguo zenyewe, usije ukaianza kwa bahati mbaya ukaja kunitukana. Hii ya pili imesimamiwa na Ronald D. Moore pamoja na David Eick, na huyo Moore alishaandika Star Trek miaka na miaka, mi naona alitoka kule na hamu kubwa ya kuonyesha watu wakikosea, wakilewa, wakidanganyana, maana kule kwenye Star Trek watu wana adabu mno hadi unajisikia mchafu.

Tahadhari, namwaga mtama wote. Kama hutaki kujua kinachotokea ishia hapa nenda kaangalie kwanza.

Stori yenyewe iko hivi. Binadamu wanaishi kwenye sayari 12, zamani walitengeneza maroboti yanaitwa Cylon yawafanyie kazi na kuwapigania, maroboti yakaasi, vita vikapiganwa, yakaondoka yakapotea miaka 40. Halafu siku moja yanarudi na mabomu ya nyuklia na kufuta karibu kila mtu kwa muda mfupi tu. Wanabaki watu kama 50,000 kwenye meli za kila aina, za mizigo, za abiria, za wafungwa, zikilindwa na meli moja kuukuu ya vita ambayo ilikuwa inakaribia kufanywa makumbusho. Na imepona kwa sababu ya ukuukuu wake, Kamanda Adama (Edward James Olmos, sauti kama kokoto) alikataa kompyuta za meli yake ziunganishwe kwenye mtandao, kwa hiyo humo ndani mpaka simu ni zile za waya. Cylon walipoingia kwenye mitandao ya meli za kisasa na kuzizima zote hii hawakuiweza. Halafu kuna jambo la pili ambalo ndo linabeba kila kitu, hawa Cylon sasa wana aina zinazofanana na binadamu kabisa, wanatoka damu, wanalia, wanapenda, wengine hawajui hata kama wao ni Cylon. Akifa mmoja anaamka kwenye mwili mwingine na kumbukumbu zake zote. Aina zenyewe ni 12 tu lakini kila aina ina nakala kibao.

Serikali nayo imekufa yote. Anatafutwa kiongozi kwa mpangilio wa kurithi madaraka, wanashuka orodha mpaka mtu wa 43, waziri wa elimu, Laura Roslin (Mary McDonnell), mama aliyekuwa mwalimu, ambaye siku hiyohiyo ametoka kuambiwa na daktari kwamba ana kansa ya titi. Anaapishwa kwenye ndege ya abiria. Nyuma ya meza yake kuna ubao mweupe ameandika idadi ya watu waliobaki, na kila mtu akifa anafuta namba anaandika nyingine. Ubao huo utakusumbua sana.

Sasa kwa nini nasema ina maswali mazito? Sio kwa sababu ina maroboti. Muvi za maroboti zimejaa na nyingi zinakuuliza swali kubwa dakika ya tano halafu zinakupa milipuko mpaka mwisho. Hii inafanya kitu ambacho TV inakiweza kuliko sinema, inamlazimisha mtu aamue jambo baya, halafu haimwachi. Deni linakuja epizodi inayofuata, linakuja sizoni inayofuata, na linamkuta yule aliyeamua akiwa ameshasahau.

Chukua epizodi ya kwanza kabisa baada ya ile muvi ya utangulizi, inaitwa "33", hii ilichukua tuzo ya Hugo 2005. Cylon wanawashambulia kila baada ya dakika 33. Meli zote zinaruka kwenda sehemu nyingine ya anga, dakika 33 zikitimia haooo wamefika tena, na hiyo imeenda zaidi ya siku 5 bila mtu kulala. Unawaangalia marubani macho mekundu, wanagombana hovyo, wanapewa vidonge vya kuwaweka macho. Halafu meli moja ya abiria, Olympic Carrier, inapotea, na ikipotea tu Cylon hawaji. Inarudi, Cylon wanarudi. Sasa ina watu 1,345 kwa hesabu ya abiria, au ilikuwa nao, maana marubani wakisogea karibu madirishani haonekani mtu, inakataa kusimama, na vipimo vinaonyesha ina nyuklia. Rais anasema itunguliwe, mtoto wa Adama, Lee, anaitungua. Inaishia hapo bila mtu kukwambia kama mle ndani walikuwemo au hawakuwemo. Usiku huo anazaliwa mtoto wa kwanza kwenye msafara na Roslin anaandika 47,973 kwenye ubao na anatabasamu kwa mara ya kwanza, na wewe mtazamaji hujui ucheke au ufanyeje, kwa sababu umetoka kuona wanawake kwa waume elfu moja na zaidi wanalipuliwa, au labda meli tupu, chagua mwenyewe.

Nilidhani imeisha. Sizoni ya 3 mwishoni huko, Lee anasimama mahakamani na kuitaja meli hiyo. Ntarudi.

Basi uone mnyororo unavyojifunga, hapa ndo naipendea. Roslin maisha yake yote ya siasa alitetea haki ya mwanamke kutoa mimba. Sizoni ya 2 binti mmoja anakimbia kwao kwenye dini kali anakuja kuomba hiyo huduma, Adama anamkumbusha rais alichosema siku ya kwanza, kwamba kama tunataka kubaki lazima tuanze kuzaa. Mama anaangalia ule ubao. Anamruhusu huyo binti kisha anapiga marufuku kwa wote waliobaki. Unaweza kuona ni sahihi, unaweza kuona ni unyama, tamthilia haikupi jibu, inachokupa ni gharama, kwa sababu siku hiyohiyo makamu wake, Gaius Baltar (James Callis, huyu jamaa ni hatari, anachekesha na kuchukiza kwa wakati mmoja), anasimama mbele ya waandishi wa habari anasema rais amekanyaga haki za watu na mimi nagombea. Baltar ndiye aliyewafungulia Cylon mlango mwanzoni, kwa tamaa ya mwanamke, na hakuna anayejua.

Uchaguzi unafika. Baltar anaahidi kwamba tutahamia kwenye sayari moja baridi mbovu iliyogunduliwa juzi, New Caprica, tutaacha kukimbia, tutajenga nyumba. Watu wamechoka kukaa kwenye mameli kama mizigo, wanampa kura. Roslin anajua kwa moyo wake wote kuwa wakitua pale Cylon watawakuta, na anajua Baltar ana uchafu, ila ushahidi hana. Wasaidizi wake wanaiba kura. Ndio, rais wetu mpendwa, mwalimu, mgonjwa wa kansa, yule tunayemshabikia, kura zake zinachakachuliwa na yeye anajua. Afisa mmoja mdogo, Gaeta, anagundua kwamba karatasi haziko sawa, anapeleka taarifa, Adama anamwendea mama wanaongea wawili tu, na anakubali kuachia. Baltar anaapishwa.

Na Cylon wanakuja kweli. Mwaka mmoja tu wa kulala kwenye mahema na jeshi la mashine linaingia mjini kwa miguu likiwa kwenye mistari.

Sisi wa huku hatuhitaji mtu wa kutueleza habari za kura kubadilika njiani, lakini sijawahi kuona muvi inayokuweka upande wa mwizi hivi, halafu inamzuia mwizi, halafu inakuonyesha kwamba angeiba watu wangepona. Sasa sema, walifanya vizuri kuziheshimu kura? Tuliiangalia na washikaji tukabishana hadi mmoja akaondoka kwa hasira, na hakuna hata mmoja aliyetaja maroboti kwenye ubishi ule.

Sizoni ya 3 inavyoanza, Oktoba 2006, Marekani iko ndani ya Iraq. Na TV ya Marekani inaonyesha watu wetu, hawahawa tuliowapenda sizoni mbili, wakiishi chini ya jeshi la uvamizi, wakificha silaha, wakituma watu kujilipua. Kijana rubani aliyefiwa na mkewe anavaa mabomu anaingia kwenye sherehe ya polisi wapya wanaohitimu. Hao polisi ni binadamu wenzake waliokubali kazi ya Cylon, wanavaa vinyago usiku wanakamata majirani. Anayepanga yote hayo ni Kanali Tigh, mzee mlevi ambaye Cylon wamemng'oa jicho gerezani. Roslin anamuuliza, unawatuma watu kujilipua sokoni? Anajibu kwa jeuri yake ileile. Kumbuka nani alikuwa anaangalia na nani siku hizo alikuwa anaitwa gaidi, halafu niambie hiyo ni tamthilia ya watoto.

Mke wa Tigh, Ellen, ili mumewe asiuawe anawapa Cylon mahali wapiganaji watakapokutana. Wenzake wanagundua. Tigh anampa kinywaji chenye sumu kwa mkono wake, amemkumbatia. Sina la kuongeza hapo, kaangalie.

Sasa wanaokolewa (namna Galactica inavyoshushwa ndani ya hewa ya sayari kama jiwe halafu inatoweka kabla haijagonga ardhi, mtu mzima nilipiga kelele) na tamthilia nyingine yoyote ingeishia kwenye vigelegele. Hii inaenda kwenye epizodi inaitwa "Collaborators" na hapo ndo nilisema kumbe hawa jamaa hawatanii. Watu sita wanakaa kwa siri na orodha, wanawapitia wale wote waliofanya kazi na adui, wanawahukumu bila wao kuwepo na kuwatupa angani wakiwa hai kupitia mlango wa meli. Wa kwanza tunayemwona ni Jammer, fundi wa chini, alijiunga na wale polisi akiamini atapunguza maumivu, na ndiye aliyemkata kamba mke wa bosi wake na kumwambia kimbia siku walipokuwa wanapelekwa kupigwa risasi. Analia anamwambia huyo bosi, Tyrol, mimi ndo nilimwachia mkeo. Wanamtupa vilevile.

Halafu wanamleta Gaeta, yuleyule aliyefichua wizi wa kura. Alikuwa msaidizi wa Baltar muda wote wa uvamizi kwa hiyo kila mtu anamtemea mate. Yeye hajitetei sana, amechoka, anasema tu nilikuwa nawapa habari, nilikuwa naacha karatasi na kugeuza bakuli la mbwa kama ishara. Tyrol anashtuka. Bakuli la mbwa, ndiye aliyekuwa akilifuata kila siku bila kujua nani anaweka. Wamebakiza sekunde kumuua mtu aliyewaokoa.

Mtu wa Kenya atafikiria habari za homuguadi, wale wenyeji waliopigana upande wa Waingereza, na orodha zilizobaki vichwani mwa watu vijijini baada ya vita vya Mau Mau, mtu wa Rwanda atafikiria gacaca, zile mahakama za vijijini za baada ya mauaji ya kimbari, kila mmoja ataleta yake. Roslin anarudi madarakani na kutangaza msamaha kwa wote, na sio kwa sababu ana huruma. Anafanya hivyo kwa sababu kila mtu ana kesi. Ndo maana Baltar alipokuja kushtakiwa mwishoni mwa sizoni hiyo Lee akasimama kizimbani akaanza kuhesabu mmoja mmoja, nani alifanya nini na akasamehewa, Tigh na mabomu yake, baba yake na mapinduzi yake, na yeye mwenyewe aliyetungua meli ya raia zaidi ya elfu moja. Anasema sisi sio taifa tena, tumebaki genge linalokimbia, na tunamtafuta mtu mmoja tumbebeshe aibu yetu yote halafu tumtupe nje. Pale namba 1,345 ilirudi kichwani na nikagundua wameibeba sizoni tatu wakisubiri siku hiyo.

Upande wa mashine sasa. Kuna Cylon anaitwa Sharon (Grace Park anacheza nakala zake zote na utaweza kuzitofautisha kwa macho tu). Mmoja hakujua kuwa ni Cylon, akampiga Adama risasi mbili kifuani bila kutaka. Mwingine anajua, ameasi wenzake kwa ajili ya rubani anaitwa Helo na ana mimba yake. Roslin anaagiza mimba itolewe, anaona kinachokuja ni hatari kwa wote. Mama kansa imemfikisha kitandani anakata roho, na damu ya hicho kichanga tumboni inamponyesha. Akishapona anawaza nini? Mtoto akizaliwa anapanga aibwe na kumdanganya mama yake kuwa amekufa. Yaani huwezi kumshabikia huyu mama kwa amani hata wiki mbili.

Star Trek ilishalifanya swali hili 1989, epizodi ya "The Measure of a Man", roboti Data anapelekwa mahakamani kuamuliwa kama ni mtu au mali ya jeshi, na Guinan, aliyechezwa na Whoopi Goldberg, anamfumbua macho nahodha kwamba mnachotaka kutengeneza ni watumwa. Ni epizodi nzuri sana, naiheshimu. Ila ina jaji, na jaji anatoa hukumu ndani ya saa moja na kila mtu analala vizuri. Galactica haina jaji. Meli nyingine ya vita, Pegasus, inakutwa na mfungwa wa Cylon aliyeteswa na kubakwa na mabaharia kwa amri, na walipoulizwa walikuwa wanasema kwani unaweza kumkosea mashine? Halafu kamera inakaa usoni kwa yule mfungwa. Baadaye wanapata ugonjwa unaoweza kuwaua Cylon wote, mpaka wa mwisho. Rais anakubali. Adama anamwachia rais uamuzi. Anayezuia ni Helo peke yake, anaziua nakala zilizobeba ugonjwa kabla hazijatumika, na hakuna anayemuuliza tena, kwa sababu kama wangemuuliza wangelazimika kujijibu. Wengi niliokaa nao wanasema Helo msaliti. Mi siwezi kusema hivyo, ila siwezi kuapa kwamba ningekuwa Helo.

Sio mimi tu niliyeona uzito huu. Tarehe 17 Machi 2009, siku tatu kabla ya epizodi ya mwisho, Umoja wa Mataifa kule New York uliwaita Moore, Eick, Olmos na McDonnell kukaa kwenye ukumbi na kuzungumzia haki za binadamu, watoto vitani, ugaidi na maridhiano, msimamizi Whoopi Goldberg huyohuyo, na vibao vya mezani vilikuwa na majina ya zile sayari 12. Olmos alichachamaa pale kuhusu ubaguzi wa rangi, akasema binadamu ni kabila moja tu, ukumbi mzima ukaitikia kile kiitikio cha kwenye tamthilia, "So say we all". Itafute uione.

Mapungufu yapo na sitayaficha. Katikati kuna epizodi za kujazia, ile ya soko la magendo sizoni ya 2 ruka tu, hutakosa kitu. Mapenzi ya Lee na Starbuck (Katee Sackhoff, rubani bora na mtu wa hovyo) yanazungushwa na ndoa zao mbili mpaka unachoka, mara wameachana mara wanapigana ngumi ulingoni. Sizoni ya 4 inaanza kutegemea maono, unabii na malaika, na kuna Cylon watano wa siri ambao ukijua ni akina nani unahisi waandishi wenyewe wamejua juzi. Epizodi ya mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta, "Dirty Hands", inaanza na swali kali kweli, watoto wa maskini wanarithi kazi chafu na watoto wa wakubwa wanarithi urubani, halafu inalimaliza kwa kupeana mikono. Ilistahili zaidi.

Lakini kesi yangu kubwa iko kwenye mwisho, "Daybreak", na naomba Watanzania wenzangu mkae vizuri.

Wanafika duniani kwetu, miaka 150,000 iliyopita. Nyasi, wanyama wanakimbia, jua. Wamebaki zaidi kidogo ya 38,000. Wanakubaliana kuachana na teknolojia yote, meli zote zinapelekwa kuungua kwenye jua, kila kundi litaenda pembe yake ya dunia na nguo ilizovaa. Watu haohao waliogombania maji, kura, mafuta, dini, vitanda, leo wote kwa kauli moja wanatupa dawa na majembe na hakuna anayenyanyua mkono kusema jamani nina mtoto ana pumu. Tamthilia iliyonifundisha kwamba kila uamuzi una deni lake inafanya uamuzi mkubwa kuliko yote na kufuta deni.

Halafu kuna wenyeji. Ndio, wapo watu tayari! Wanaonekana kwa mbali kwenye majani wameshika mikuki, wakubwa wetu wamelala kifudifudi kilimani wanawachungulia kwa darubini. Daktari anasema damu zao zinaendana na zetu, Baltar anasema wanazika wafu wao ila hawana lugha, wanasema basi tutawapa, tutawapa kilicho bora kwetu. Hakuna mwenyeji anayesogelewa na kamera, hakuna anayetoa sauti, hakuna anayeulizwa. Tena na hawahawa waandishi, waliotumia sizoni nne kututoa jasho tumwone mtu ndani ya mashine! Cylon kapewa jina, mume, mtoto, machozi. Mtu wa Afrika kapewa mkuki na umbali.

Kisha tunapelekwa New York ya leo, jarida linasomwa, yamepatikana mabaki ya mama ambaye binadamu wote waliopo wametokana naye, Eva wa mitokondria, aliishi katika nchi ambayo sasa inaitwa Tanzania. Nilisimamisha nikarudisha nyuma. Wametaja Tanzania! Na huyo mama ni Hera, mtoto wa Helo na Sharon, nusu binadamu nusu Cylon. Wazo lenyewe ni kali, nakiri, sizoni zote unauliza kama mashine ni mtu halafu unaambiwa wewe uliyekaa kwenye kochi ni mjukuu wa mashine, kesi imekwisha. Hapo wamenipiga.

Ila mtu aliyekulia pwani hii masikio yake yanawasha akisikia stori hiyo, tumesoma sana kwamba Kilwa ilijengwa na wageni waliokuja na majahazi kutoka Shiraz, wenyeji walikuwa wamekaa tu wakingojea, mpaka waakiolojia walipochimba wakakuta mji umeota kutoka kwa wenyeji wenyewe. Sasa hata bibi yetu wa Tanzania wamemleta kwa meli. Hapa nyumbani kuna Laetoli na nyayo za miaka zaidi ya milioni 3.6, kuna Olduvai alikofukuliwa Zinjanthropus 1959, na hao wa miaka 150,000 iliyopita walikuwa watu kama sisi kimwili, lugha haiachi mifupa kwa hiyo huyo Baltar kwenye darubini kajuaje hawaongei? Na sayansi yenyewe ya Eva haisemi alikuwa mwanamke pekee, walikuwepo wengine kibao, ni kwamba uzao wake wa kike tu ndo haukukatika. Kwa hiyo hata kwa hesabu zao bado wenyeji wamo ndani yetu, kilichokosekana ni mwandishi wa kuwapa sentensi moja.

Hilo halifuti yaliyotangulia. Natoa 8 kwa 10, na kama ningepima kuanzia "33" hadi hukumu ya Baltar peke yake ningetoa 10 bila kupepesa. Muziki wa Bear McCreary wa ngoma nzito peke yake una alama zake, weka spika nzuri.

Kwa wanaotaka kuanza: anza na ile muvi ya utangulizi ya 2003, ni kama saa tatu na ukiiruka hutaelewa lolote, wengi wanaanzia sizoni ya 1 kisha wanalalamika. "Razor", muvi ya ziada, iache mpaka umalize sizoni ya 3, hata kama matukio yake ni ya nyuma, kuna kitu inakifichua mapema. "The Plan", nayo muvi ya ziada, waachie mashabiki sugu. Watoto wadogo hapana, kuna ubakaji, mateso na mapenzi ya wazi. Sabtaito za Kiswahili mi sijaziona, za Kiingereza zipo na utazihitaji maana Tigh anaongea kama ana mawe mdomoni. Ni epizodi zaidi ya 70, bando litalia, ukiweza chukua kwenye diski za sizoni kamili, na zile zenye maelezo ya Moore mwenyewe ni bora zaidi kwa sababu anazungumza wazi wapi wamepatia na wapi wameharibu.